Mtoto anayejiandaa na IGCSE asome saa ngapi kwa siku?

MAMA_BELAIR: Jambo wapendwa. Kijana wangu wa miaka 15, hapa Kongo, anajiandaa na IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa sekondari wa mfumo wa Uingereza. Jioni akishakula bukari anajilaza kwenye kochi na simu juu ya kifua. Nimpangie saa ngapi za kusoma? Usingizi umenikimbia.

TONTON_KENYA: Mama, zima intaneti. Sisi tulisomea kibatari tukapata diploma ya Serikali, cheti chetu cha kumaliza sekondari. Mimi nilipata asilimia 52 na mpaka leo naiheshimu. Sasa nauza vipuri, lakini diploma iko ukutani.

MWALIMU_KAMALONDO: Saa si hoja. Asome dakika arobaini, afunge daftari, aandike anachokumbuka bila kuchungulia, ndipo aangalie alipokosa. Halafu mitihani ya miaka iliyopita: Cambridge, wanaotunga IGCSE, wameweka kadhaa bure kwenye tovuti yao pamoja na miongozo ya kusahihisha. Hesabu ina ngazi mbili. Core, ya msingi, inaishia daraja la C hata apate yote; A*, daraja la juu kabisa, iko kwenye Extended. Yeye yuko ipi? Na anasoma shule gani, mwaka wa ngapi?

MAMA_BELAIR: Extended nadhani. Shule ni nzuri. Naomba ratiba tu.

DADA_KASUMBALESA: Mdogo wangu tulimpeleka kusoma Ndola, Zambia. Mwaka wa kwanza alikuwa anacheka wenzake wakicheka, neno hajui. Leo ananisahihisha Kiingereza mbele ya wateja!

MWALIMU_KAMALONDO: Mama, umeruka swali la mwaka.

MAMA_BELAIR: Haya. Alikuwa mwaka wa tatu humanités, sekondari yetu ya juu, nimemtoa. Anafundishwa jioni, atafanyia mtihani Zambia kama mtahiniwa binafsi. Pesa nimeshalipa. Baba yake yuko Kolwezi, nitamwambia akija Krismasi. Msinihukumu, Exetat, mtihani wetu wa diploma ya Serikali, huko nje nani anaijua?

MUKUBWA_GOLF: Ngojeni. Juu "shule ni nzuri", chini hakuna shule. Hii imetungwa. Sasa hivi atatokea mtu na namba ya WhatsApp ya kozi.

TONTON_KENYA: Ikitokea mnitumie, nina mpwa.

MAMA_BELAIR: Sijatunga! Kwa mwalimu ndiko tunakoita shule. Risiti ninayo, ya dola, ina muhuri.

MUKUBWA_GOLF: Muhuri hata sokoni unachongwa.

MWALIMU_KAMALONDO: Iwe kweli, iwe uongo, wapo wazazi wanaosoma hapa. IGCSE ni ya watoto wa miaka 14 hadi 16, si mwisho wa sekondari. Vyuo vikuu vya Uingereza hudai A Level, mitihani ya ngazi inayofuata, au cheti kinacholingana nayo; A Level kwa kawaida ni miaka miwili zaidi. Vyuo vyetu navyo vinadai diploma ya Serikali au cheti kinacholingana nayo. Arudi humanités amalize. IGCSE hufanywa somo kwa somo, aanze na Kifaransa kama lugha ya kigeni, hapo hatapata shida.

DADA_KASUMBALESA: Na Kolwezi upige simu leo, dada. Krismasi ni mbali.

MAMA_BELAIR: Nikimrudisha, prefe, yaani mkuu wa shule, atadai sahihi ya baba. Kuna anayejua kama ya mjomba inakubaliwa?