Trout au Harper, nani zaidi? Tupeane uzoefu

Mchuuzi wa Baltimore

Wakuu, salaam.

Nilidhani ubishi wa Mike Trout na Bryce Harper, wale wachezaji wa besiboli, tulishauzika. Jumamosi nimealikwa nyama choma kwa jamaa yangu, nikawakuta watoto wetu waliozaliwa huku Marekani wamegawanyika kambi mbili, kelele mpaka mama mwenye nyumba akatishia kuondoa sinia. Nikasema basi, uzi ufunguliwe. Sharti ni moja: usituletee makala uliyonakili. Tuambie ulikuwa wapi, uliona nini, na kwa nini umemng'ang'ania huyo wako.

Kwa wageni wa besiboli: hawa wawili waliingia kama pacha. Tarehe 28 Aprili 2012 Harper, miaka 19, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu na Washington Nationals, ugenini Los Angeles. Siku hiyohiyo Angels, timu nyingine ya California, ikamrudisha Trout, miaka 20, kutoka ligi za chini. Mwaka ukaisha kila mmoja ni chipukizi bora wa ligi yake (ligi kuu ina matawi mawili, Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika). Na ubishi ukaanzia hapo.

Mimi ni wa Trout, na nilimpata kwa bahati tu. Mwaka ule nilikuwa nauza maji na karanga nje ya Camden Yards, uwanja wa Orioles. Biashara ile mechi ikianza imekwisha. Usiku wa tarehe 27 Juni mteja wangu mmoja, rafiki yake kamtoroka, akanipa tiketi iliyobaki. Nikaingia na boksi langu tupu mkononi. Sijakaa vizuri, J.J. Hardy wa Orioles akautandika mpira ukaenda kule mwisho kabisa. Watu wote wakasimama, homurani hiyo, yaani mpira wa kuvuka ukuta, hakuna wa kuuliza. Yule kijana wa Angels akakimbia, akafika ukutani, akapaa, mkono wote ukapita juu ya ukuta, akashuka na mpira ndani ya glavu. Uwanja ukawa kimya kama kuna mtu kazirai. Halafu jirani yangu, kofia ya Orioles kichwani, akaanza kupiga makofi taratibu.

Sheria za mchezo nilikuwa sizijui hata moja. Lakini nilijua nimeona kitu.

Haya, karibuni.

Dereva wa DC

Mkuu mimi kambi ya pili. Harper, na sijuti. Sijuti sana.

Nilikuwa naendesha teksi Washington. Tarehe 12 Oktoba 2012 Nationals walikuwa na Cardinals wa St. Louis, mechi ya tano na ya mwisho, anayefungwa anakwenda nyumbani. Nimeegesha karibu na stesheni ya Navy Yard, redio iko juu, nasubiri abiria wenye furaha maana hao ndio huacha bakshishi. Harper bado siku 4 atimize miaka 20. Zamu yake ya kwanza akapiga akakimbia mpaka besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya kurudi nyumbani kuingiza alama, baadaye kidogo akatoa homurani. Nationals 6, Cardinals 0. Nikaanza kuhesabu hela ambazo sijazipata.

Mnajua jinsi ilivyokwisha. Cardinals 9, Nationals 7. Mara mbili Nationals walibakiza mpira mmoja tu washinde, wakashindwa. Abiria wangu wa usiku ule alitoka Navy Yard mpaka Bethesda hajatamka neno, akalipa, akabaki amekaa ndani ya gari. Nami nikamwacha akae.

Mwaka 2015 yule kijana akatulipa: homurani 42, na Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa kwa kura zote, akiwa na miaka 22. Nikamnunulia mwanangu shati namba 34 kwenye meza ya barabarani. Tumefika nyumbani ndiyo tunasoma vizuri mgongoni: HAPER. Mtoto alilivaa hivyohivyo.

Halafu 2019 akahamia Philadelphia, mkataba wa miaka 13, dola milioni 330. Tarehe 2 Aprili akarudi Washington na jezi nyingine. Tulikwenda kumzomea, baba na mwana. Watu wamebandika gundi ya karatasi juu ya jina lake. Zamu mbili za mwanzo mrushaji wetu Max Scherzer akamtoa, tukashangilia utadhani tumeshinda kombe. Kipindi cha nane akaupiga mpira ambao mpaka leo sijui kama ulitua, na gongo akalirusha juu. (Watanzania mnaocheka, tulieni, gongo hili ni la kupigia mpira.) Mwanangu akaniuliza, "Baba, si ulisema huyu ni wetu?"

Oktoba hiyohiyo Nationals wakabeba World Series, fainali ya ligi kuu, bila yeye. Mtaa mzima ulimcheka, na mimi nilikuwemo. Lakini shati tunalo.

Mchuuzi wa Baltimore

HAPER! Mzee, umenimaliza. Hilo shati usiliuze kamwe.

Kijana wa Takwimu

Mwanzisha uzi, sharti lako naliheshimu, ila kwangu takwimu ndiyo uzoefu wenyewe. Nilikuja Ohio kusoma, Kiingereza cha darasani kinanipita kushoto, na mwalimu wa takwimu alikuwa mlevi wa besiboli. Somo letu la kwanza lilikuwa kura ya Mchezaji Bora wa Ligi ya Amerika 2012.

Miguel Cabrera wa Detroit alikuwa ameongoza ligi kwa mambo matatu kwa mpigo: wastani wa kupiga, homurani 44, na alama 139 zilizoingia kwa mapigo yake. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu 1967. Upande wa pili huyu chipukizi Trout: homurani 30, besi 49 za kuiba (kuchomoka mbio kwenda kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), kafika nyumbani kuingiza alama mara 129, na mipira aliyoidaka kule nyuma ambayo haiandikwi kwenye ubao. Wazee wakasema Cabrera. Wenye kompyuta wakasema Trout, kwa sababu ukijumlisha kupiga, kukimbia na kulinda, alikuwa ameipa timu yake zaidi. Wazee wakashinda kura.

Tuliambiwa tumtetee mmoja kwa hesabu. Nilimchukua Trout, nikapata alama nzuri kuliko wenyeji, na sijamwacha tena.

Sasa kwa Harper. Msimu wake wa 2015 unaweza kuuweka kando ya msimu wowote wa Trout, na wala hautaona haya. Tatizo ni misimu mingine. Kati ya 2012 na 2019 Trout alikuwa Mchezaji Bora mara 3 na wa pili mara 4. Harper anapanda na kushuka kama bei ya nyanya.

Mlinzi wa Masaki

Mimi niko Dar, naomba mnipokee. Besiboli niliijua lindoni usiku. Nyumba ninayolinda alikuwa anakaa Mjapani, yeye ndiye aliyenionyesha kwenye simu, baadaye nikawa natafuta mwenyewe.

Machi 2023 fainali ya dunia, Japani na Marekani, inachezwa Miami. Kwetu ilianza saa 8 usiku. Bando la wiki nzima nililimaliza pale. Karibu na alfajiri Japani wanaongoza 3 kwa 2, kipindi cha mwisho, Wamarekani wamebakiza mtu mmoja. Anayerusha ni Shohei Ohtani. Anayekuja kupiga ni Trout. Hawa wawili wakati ule walikuwa timu moja kule Angels! Nikasimama, nikasahau hata geti. Mirusho ikafika mwisho wa hesabu, unaobaki ndio unaoamua. Ohtani akaurusha ukapinda, Trout akachapa hewa. Kwisha.

Nilimpenda Trout mpaka dakika ile. Sasa linganisheni na Harper wa Oktoba 2022. Mkubwa hujulikana siku kubwa, hayo mengine ni mazoezi.

Kijana wa Takwimu

Mlinzi, kaka yangu, hiyo ni zamu moja dhidi ya mrushaji hatari kuliko wote. Na hapa ndipo tuliozoea soka tunapokosea. Kwenye soka, timu ikibanwa unampa mpira fundi wako, anafanya anachoweza. Besiboli haina hilo. Trout anapata zamu 4 au 5 kwa mechi, kisha anakaa anawatazama wenzake 8 wakipiga na mrushaji wao akiaibishwa. Maisha yake yote ameonja mechi za mtoano mara moja, 2014, mechi 3 na Kansas City, wakafungwa zote. Hilo ni deni la Angels, msimdai yeye.

Mlinzi wa Masaki

Kwenye mechi hizo 3 alipiga akafanikiwa mara ngapi?

Kijana wa Takwimu

Mara moja. Ilikuwa homurani.

Mlinzi wa Masaki

Kati ya ngapi?

Kijana wa Takwimu

12.

Mlinzi wa Masaki

Nilitaka ulitaje wewe mwenyewe. Asante.

Ssebo wa Boston

Mimi Mganda, Kiswahili changu mnisamehe. Mwaka huohuo wenu wa 2012 mimi nilikuwa na mastaa wangu wengine: watoto wa Lugazi. Walikwenda Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano yale ya dunia ya watoto. Mwaka mmoja kabla, watoto wengine wa Uganda walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Hawa wa Lugazi walipoifunga timu ya Oregon 3 kwa 2 nililia mbele ya runinga. Trout na Harper wote wazuri, nawaacha nyinyi mgawane.

Sister wa Vineland

Hamjambo nyote. Mimi ni muuguzi, nyumbani ni Kakamega, lakini nimekaa kusini mwa New Jersey miaka mingi. Trout alizaliwa hapa Vineland akakulia Millville, mji wa jirani wa viwanda vya vioo. Huku ukitaka kukosa marafiki, mseme Trout vibaya.

Nilikuwa nikimhudumia mzee mmoja nyumbani kwake, zamu ya jioni. Kifua chake kilikuwa kibovu, akili ilikuwa wembe. Besiboli yote ninayoijua alinifundisha yeye. Kitu cha kwanza alichonisimulia ni siku Trout alipochaguliwa, 2009, siku timu za ligi kuu zinapochukua vijana kwa zamu. Vijana kadhaa walikaribishwa studio kule Secaucus, akatokea yeye peke yake. Akakaa pale mbele ya kamera, majina yanasomwa, lake halimo. Angels wenyewe walikuwa na nafasi mbili zinazofuatana, ya 24 na ya 25. Ya 24 wakampa mwingine! Mzee alikuwa akifika hapo anapiga mkono wa kiti. Sasa Harper, aliniambia, aliwekwa kwenye jalada la gazeti la michezo akiwa na miaka 16, akaacha sekondari mapema ili awahi kuchaguliwa, na 2010 akawa wa kwanza kabisa. "Mmoja walimngoja," akasema, "mwingine aliwangoja."

Shida ya mzee ilikuwa hii: kusini mwa Jersey ni Phillies tu, timu ya Philadelphia. Trout mwenyewe akiwa mtoto alikuwa wa Phillies. Mei 2014 Angels walipokuja Philadelphia, Millville ilihamia uwanjani, na mzee alikwenda na kofia mbili, moja kichwani, moja mfukoni, anabadilisha kulingana na nani anapiga.

Halafu ikafika Machi 2019. Harper anatua Phillies, na hajamaliza wiki anasema redioni wazi kwamba atampigia Trout simu aje Philadelphia mkataba wake ukiisha 2020. Jamani, mzee alirudi ujana. Alianza kutembea mpaka barazani bila kusaidiwa. Alikuwa ananipangia kwa vidole nani atapiga wa pili na nani wa tatu. Kabla mwezi haujaisha Trout akasaini na Angels miaka 12, dola milioni 426.5. Niliingia jioni ile nikakuta redio imezimwa. Sikuuliza. Nilimpikia chai ya maziwa ya kwetu, majani mengi, akainywa yote.

Mlinzi amegusia Oktoba 2022, mimi niliiona nikiwa nimekaa naye. Tarehe 23, mvua Philadelphia. Mwaka ule kiwiko cha Harper kilikuwa kimeharibika, alikuwa anaruhusiwa kupiga tu, kulinda haiwezekani. Kipindi cha nane, Phillies wako nyuma 2 kwa 3 dhidi ya San Diego, mwenzake yuko besi ya kwanza. Mzee amefumba macho. Namwambia fungua, ananiambia wewe nisimulie. Mpira ulipoondoka sikuweza kusimulia, nilipiga nduru. Naye akapiga kelele mpaka kipimo cha oksijeni kikaanza kulia, nikakimbilia mashine huku nacheka na machozi yananitoka. Wakaingia World Series, wakafungwa na Houston, lakini sisi tulikuwa tumekula sikukuu yetu.

Hakufika kuona Trout akipiga homurani yake ya 400, Septemba 2025. Nilikuwa zamu mahali pengine, nikaiona kwenye simu, nikatoka nje kidogo.

Mchuuzi wa Baltimore

Pole sana dada. Mungu amrehemu mzee wako.

Dereva wa DC

Pole, Sister. Ila hujajibu swali la uzi. Wewe ni wa nani?

Sister wa Vineland

Mimi ni wa Trout, shemeji, nisingeweza kununua mboga huku.

Dereva wa DC

Na mzee?

Sister wa Vineland

Hakuwahi kusema. Harper akihojiwa alikuwa ananiambia nizime sauti. Akishika gongo, niirudishe.