Kuagiza chakula Chipotle kwa mara ya kwanza: utaratibu, bei na suala la nguruwe

Mtanga wa Ohio

Assalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu. Nimehamia Columbus kikazi, na wenzangu wa kazini wamenialika chakula cha mchana Chipotle, ule mgahawa wa vyakula vya Kimeksiko ambamo kila mteja hujipangia chakula chake mbele ya kaunta. Nilipochungulia niliona foleni inakwenda mbio na wahudumu wanauliza maswali mfululizo. Naomba kuelekezwa: mtu huanzaje kuagiza, ni kipi kinachoongeza bei, na mimi nisiyekula nguruwe nijihadhari na nini?

Shangazi wa Minnesota

Wa alaykum salaam, mwanangu. Swali la kwanza utakaloulizwa ni la umbo la chakula: burrito, yaani chapati pana ya ngano inayokunjwa na kila kitu ndani, taco, ambazo ni chapati ndogo ndogo, au bakuli lisilo na chapati kabisa. Ukisema burrito, mhudumu ataibana chapati kwenye mashine ya moto kwa sekunde chache ili ilegee, maana ikiwa baridi hupasuka inapokunjwa. Hapo hufuata wali, mweupe au wa brauni, uliotiwa ndimu na majani ya giligilani, kisha maharage meusi au ya pinto, kisha nyama, na mwishoni salsa, yaani kachumbari au mchuzi wa pilipili, jibini, malai chachu na majani ya saladi. Jibu swali moja moja, usiyakimbilie ya mbele. Mgeni mimi humshauri achukue bakuli, kwa sababu burrito iliyojazwa kupita kiasi humfumukia mlaji mkononi, na wewe umekwenda na watu wa kazini!

Kuhusu bei, nyama unayochagua ndiyo inayoamua. Wali, maharage, salsa, na vitunguu na hoho za kukaanga haviongezi kitu. Guacamole, yaani parachichi lililopondwa, na kipimo cha pili cha nyama hulipiwa zaidi. Asiyechukua nyama hupewa guacamole bila nyongeza.

Ami Saidi

Niongezee alipoishia Shangazi. Nguruwe hapo ni ile nyama iitwayo carnitas, na chorizo, yaani soseji yenye viungo, pia ikiwapo siku hiyo uiepuke. Jambo ambalo wengi hawalitazami ni kwamba vyombo vya nyama hukaa bega kwa bega na glavu za mhudumu ni zilezile, hivyo mwombe abadilishe glavu kabla hajaanza kukuhudumia. Ni ombi la kawaida na hakuna atakayekukunjia uso.

Kuku na ng'ombe wao kwa Marekani hawana cheti cha halali. Kama hilo ni sharti kwako, chukua maharage au sofritas, ambayo ni tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, iliyochambuliwa na kupikwa kwa pilipili. Maharage yao hayatiwi mafuta ya nguruwe, lakini usiichukulie hiyo kuwa kanuni ya kila mahali: katika migahawa mingi ya Kimeksiko maharage ya kupondwa, na hata chapati za ngano, hutengenezwa kwa mafuta hayo, kwa hiyo huko uliza kwanza.

Mtanga wa Ohio

Nawashukuru sana, Shangazi na Ami. Nitachukua bakuli la maharage meusi. Je, pilipili yao ni kali kiasi gani, na hiki ndicho chakula wanachokula Wameksiko wenyewe?

Mpishi wa Kisauni

Kaka, salsa ya nyanya mbichi ni ya upole na haina tofauti kubwa na kachumbari yetu. Ya mahindi na ya kijani ni za wastani. Nyekundu ndiyo kali, basi iombe pembeni uionje kwanza.

Kuhusu asili, burrito ni ya kaskazini mwa Meksiko, kunakolimwa ngano, ila hii kubwa yenye wali ndani ilistawi katika mtaa wa Mission, San Francisco. Steve Ells, mpishi aliyewahi kufanya kazi katika mji huo, ndiye aliyefungua Chipotle ya kwanza huko Denver mwaka 1993. Ukifika Mexico City utakuta taco za chapati ndogo laini za mahindi, zenye nyama, kitunguu, giligilani na ndimu, na wali hauonekani ndani yake. Kwa hiyo kile ni chakula cha Marekani chenye mizizi ya Meksiko, na kwa bei yake mimi nakila bila kinyongo.