Daraja la Kikwete hadi Ilagala kwa mtumbwi: tutaubebaje mtumbwi penye maporomoko?

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Sisi ni walimu wanne wa hapa Kigoma, na kwa muda mrefu tumekuwa na hamu ya kuushuka mto Malagarasi kwa makasia, badala ya kuutazama tu kutoka darajani kila tunapokwenda Tabora. Tunakusudia kuanza safari mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, tuingie majini karibu na Daraja la Kikwete, tupite Uvinza, na tutokee Ilagala mto unapoingia ziwani. Tumejipangia siku sita.

Tunao mtumbwi wa faibaglasi wenye urefu wa mita 5, ambao tumeuziba nyufa na kuupaka rangi upya. Juzi tuliutundika kwenye mizani ya kupimia magunia ya muhogo, ikasoma kilo 38. Mizigo yetu yote, yaani mahema mawili, vyandarua, unga, mchele, maharage, dagaa, sufuria, maji ya kuanzia, kamba na vifaa vya dharura, inakadiriwa kufika kilo 150.

Kinachonisumbua ni sehemu zile ambazo mtumbwi hauwezi kupita, hasa maporomoko ya Igamba, ambako itatubidi tupande nchi kavu, tubebe kila kitu, kisha tuingie tena majini upande wa chini. Sijawahi kufanya kazi hiyo. Naomba anayeifahamu anieleze namna ya kukadiria muda wake, namna ya kuubeba mtumbwi bila kuumiana, na kama siku sita zinatosha. Maoni kuhusu viboko nayapokea kwa mikono miwili.

---

Mjukuu wa Mpagazi (Tabora)

Mwalimu, nakushukuru kwa kuutaja uzito wa mtumbwi kwa kipimo, kwa sababu wengi huuliza swali hili bila hata kujua wanabeba nini.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Watu wanne wa kilo sabini sabini ni kilo 280. Ukiongeza kilo 150 za mizigo unapata kilo 430 ndani ya mtumbwi mmoja wa mita 5. Ukingo wake utabaki karibu mno na maji, na wimbi dogo tu au mtu mmoja akigeuka ghafla kumtazama ndege, mtajaza maji. Katika mto wenye mamba sikushauri hata kidogo. Mtumbwi huo ni wa watu wawili na mizigo yao. Wengine wawili wanaweza kufuata kwa treni au kwa barabara hadi Uvinza, mkapokezana hapo, na mizigo mkaigawa nusu kwa nusu.

Sasa nije kwenye kubeba. Kosa la kwanza la wageni wa kazi hii ni kupima njia mara moja tu. Mkiwa wawili, mkaamua kupeleka mtumbwi kwanza kisha kurudi kuchukua mizigo, njia ya kilomita 1 imekuwa kilomita 3: kwenda na mtumbwi, kurudi mikono mitupu, na kwenda tena na mizigo. Ikibidi safari ya tatu, ni kilomita 5. Njiani kuna mawe, miiba na majani marefu yanayoficha mashimo, kwa hiyo msitegemee mwendo wa barabarani. Kwa kila kilomita 1 ya kubeba mimi hutenga saa tatu, pamoja na kupakua, kupumzika na kufunga mizigo upya, na sijajutia kukadiria hivyo.

Babu zetu wa Unyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika misafara ya karne ya 19 ulikuwa karibu frasila mbili, takriban kilo 32, na hao walikuwa watu waliokomaa kwa kazi. Mwaka 1874 Stanley alipoleta mashua yake, Lady Alice, ikiwa imegawanywa vipande ili ibebwe mabegani kutoka Bagamoyo, vipande hivyo vilionekana Unguja kuwa vizito mno, ikabidi vipunguzwe kabla msafara haujaondoka. Nakitaja kisa hicho kwa sababu uzito ulirekebishwa pwani, kabla ya safari, si njiani. Nanyi fanyeni hivyo hivyo: fungeni mizigo yote kama mtakavyoifunga siku ya safari, iwekeni kwenye mizani ileile ya muhogo, na kila furushi linalozidi kilo 25 lifungueni.

Kuhusu mtumbwi wenyewe, chongeni mti mwepesi uliokauka uwe kama nira, wenye bonde la kupokea shingo, na muufunge kwa uimara katikati ya mtumbwi, kutoka ukingo hadi ukingo. Mtumbwi ukigeuzwa chini juu, nira hiyo hukaa mabegani. Ifungeni mahali ambapo sehemu ya mbele inanyanyuka kidogo yenyewe, ili mbebaji aone njia hatua kadhaa mbele. Kunjeni kitenge cha zamani kama ngata na kukishona kila upande wa bonde. Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kubeba kilo 38 kwa njia hiyo, lakini mwenzake atangulie na panga, amwambie wapi pana jiwe na wapi pana tawi. Kama hampendi nira, bebeni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wote bega la upande mmoja, na mwendo uwe wa pamoja.

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mdogo wangu tulikwama kwenye mawe ya mto mwingine tukiwa na mtumbwi wa mbao. Kwa macho tuliona kama nusu kilomita. Tulianza adhuhuri, na jua likazama tukiwa bado hatujaurudisha majini. Kwa uchovu tukaanza kuuburuta, na ubao wa chini ukapasuka kwa urefu wa kiganja. Tuliziba kwa kitambaa na lami tuliyoyeyusha kwenye kopo, kisha tukatembea siku nzima kurudi kijijini. Kwa hiyo naomba sana: kabla mtumbwi haujagusa maji, nendeni Igamba kwa miguu, mpite njia yote mtakayobebea, na saa mkononi.

---

Binti wa Uvinza

Shikamoo Mwalimu. Namuunga mkono ndugu yetu wa Tabora, nami niongeze ya huku kwetu.

Ukiutazama mto kwa mwinuko utaelewa kwa nini sehemu ya chini ni ngumu. Mabwawa ya Malagarasi yako zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770. Mteremko huo wa zaidi ya mita 200 haukugawanywa sawasawa. Juu ya Uvinza mto unatembea kwa utulivu. Baada ya Uvinza unaingia kwenye makorongo, na Igamba si mahali pekee penye mawe. Siku sita mlizopanga zinaweza kuwafaa kwa sehemu ya juu peke yake. Sehemu ya chini ni safari nyingine.

Mwezi wa saba ni uchaguzi mzuri. Mabwawa hupokea mvua za masika na kuyaachia maji polepole, kwa hiyo mto huwa haujakauka, na kingo zimeanza kuwa ngumu. Mkingoja mwezi wa kumi mtakuta mawe mengi nje na viboko wamebanana kwenye vina vichache vilivyobaki, nao hapo huwa wakali zaidi.

Viboko mchana hukaa majini penye kina, na usiku hupanda kula majani. Pigeni makasia karibu na ukingo penye maji machache, msipite katikati ya kina, na kabla ya kila kona gongeni ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili wawasikie mapema. Msijiweke kati ya kiboko na maji ya kina, wala kati ya mama na mtoto. Jioni mkitafuta mahali pa kulala, tazameni ardhi: njia ya kiboko ina mifereji miwili sambamba na kigongo cha majani katikati, kwa sababu miguu yake imeachana. Pakiwa na mifereji hiyo hameni, hata kama giza limeanza kuingia. Maji choteni kwa ndoo yenye kamba, mkiwa mmesimama juu, na msirudie mahali palepale kila mara, kwa kuwa mamba hujifunza mazoea. Punda wa Stanley alichukuliwa na mamba katika mto huu mwaka 1871 wakati wa kuvushwa, na mamba wa leo hawajabadilika tabia.

Mbung'o nao ni wengi kwenye misitu ya miombo. Msivae nguo za bluu wala nyeusi, maana rangi hizo huwavuta, na anayepata homa baada ya safari aende kupimwa malaria na malale pia.

La mwisho, eneo hili ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoorodheshwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, na ndani yake kuna hifadhi. Mwoneni ofisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kupanga mahali pa kulala, na mjitambulishe kwa mwenyekiti wa kila kijiji mtakapopitia. Mkodishe pia mvuvi mwenyeji mwenye mtumbwi wake awatangulie. Anajua kina kipi kina wenyewe.

---

Msafiri wa Ziwa

Nilipokuwa masomoni Kanada niliwahi kwenda siku tano katika hifadhi ya Algonquin, mkoa wa Ontario, ambako maziwa yanafuatana na watu hubeba mitumbwi kutoka ziwa moja hadi jingine. Huko kila njia ya kubebea ina kibao cha njano chenye umbali wake kwa mita. Kwetu hakuna kibao, kwa hiyo ushauri wa kwenda kupima kwa miguu ndio kibao chenu.

Nilichojifunza ni kwamba mtumbwi si mzigo unaochelewesha. Vinavyochelewesha ni vitu vidogo vilivyolegea: sufuria mkononi, ndala, taa, chupa ya mafuta, kasia moja lililosahauliwa upande wa juu. Tulirudi mita 900 kwa ajili ya kasia. Tangu hapo makasia tuliyafunga ndani ya mtumbwi, na kila mtu alikuwa na mizigo miwili tu, anayoijua na kuihesabu mwenyewe kila tulipofika. Unga na mchele viwekeni kwenye madumu yenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza. Maharage nayaonea shaka, maana yanakula kuni na muda. Dagaa wa Kigoma ni wepesi, wameshakauka, na wanaiva ugali ukiwa bado unasongwa. Hifadhi ile ilikataza makopo na chupa za kutupwa, nasi tulirudi na kila taka tuliyoingia nayo. Nawaomba mfanye hivyo Malagarasi.

Jaketi okozi zivaliwe muda wote mkiwa majini, si kukaliwa kama mto.

---

Mwalimu wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru kwa dhati. Jana jioni tulikaa na wenzangu, tukasoma majibu haya yote kwa sauti, na tumebadili mpango.

Mwezi wa saba tutakwenda kutoka Daraja la Kikwete hadi Uvinza pekee, wawili wawili kwa kupokezana, tukitanguliwa na mvuvi mwenyeji. Maharage tumeyaondoa pamoja na hema moja, na mizigo ya watu wawili sasa ni kilo 61 katika mafurushi matatu. Nira tumempa fundi seremala achonge.

Tukifika Uvinza mtumbwi utabaki kwa mwenyeji wetu, nasi tutakwenda Igamba kwa miguu tukiwa na kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita 10, tupime njia ya kubebea kuanzia mahali pa kutokea majini hadi mahali pa kuingia. Vipimo nitavileta hapa. Binti wa Uvinza, marahaba. Nitaomba unielekeze ofisi ya wilaya ikiwa tutapotea.