Tupeane uzoefu: Kikomo cha kamisheni kwenye teksi mtandao kinamsaidia dereva?

Wakuu, uzi huu ni wa kanuni na hesabu, malalamiko yana uzi wake. Mji wako umebana wapi: kamisheni (asilimia ya nauli ambayo kampuni ya programu inamkata dereva), nauli au idadi ya magari? Na baada ya hapo ikawaje?

Mzizima01, Dar
Machi 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, iliweka kamisheni mwisho 15% pamoja na nauli elekezi. Aprili Uber wakasitisha huduma. Desemba kikomo kikapandishwa hadi 25%, na ada ya kuita gari isizidi 3.5%. Januari 2023 Uber wakarudi. Safari ya 10,000 iliyokuwa inamwachia dereva 8,500 ikawa inaweza kumwachia 7,500, hapo bado mafuta na hesabu ya bosi (pesa anayompelekea mwenye gari). Na kilomita za kumfuata abiria hazimo kwenye nauli, ndizo zinazomaliza mafuta.

Mwana_Eastlands
Huku Nairobi kanuni za 2022 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinasema kamisheni isizidi 18%. Lakini asilimia bila bei ya chini haina meno. Piga hesabu: kwa kamisheni ya 25%, safari ya 450 inakuachia 337. Nauli ikishuka hadi 300, hata kwa 18% unabaki na 246. Ndiyo maana 2024 madereva walibandika ndani ya gari bei zilizotokana na viwango vya AA Kenya, chama cha wenye magari. Shida ni kwamba abiria anaona bei nyingine kwenye simu, kwa hiyo mnabishana mlangoni na safari inakanselwa. Mkubaliane kwa simu kabla hujawasha gari.

Kikokotoo
New York hawakushika kamisheni, walishika malipo. Tangu Februari 2019 kila safari ina kiwango cha chini kwa maili na kwa dakika, kisha kinagawanywa kwa sehemu ya muda ambao gari lina abiria. Madereva wakizurura watupu, kampuni inalipa zaidi. Wazo zuri, ila kampuni zikaanza kuwafungia madereva programu saa ambazo abiria ni wachache, ili muda mtupu usihesabiwe. Mji ukibana hapo, sharti uandike pia nani anaruhusiwa kumzima dereva na kwa notisi gani.

Mzizima01, Dar
@Kikokotoo hilo la kufungiwa ndilo la kuulizia kwenye vikao vya maoni. Jingine: linganisha risiti ya abiria na yako kwa safari ileile. Kama abiria alipewa punguzo, angalia kamisheni imekatwa kwenye nauli kamili au iliyopunguzwa. Piga picha zote mbili siku hiyohiyo.