Umetolewa titi ukaundiwa jingine, kisha mionzi: tupeane uzoefu

Dada zangu wa Mombasa, mie nangoja kutolewa titi la kushoto na dokta aniuliza kama nataka kuundiwa jingine hapo hapo. Mionzi ya kutibu saratani nayo huenda yanisubiri. Waliopitia hebu semeni, na msinifiche.

Wa Kisauni: Shoga, mie niliwekewa ekspanda, ni kimfuko cha chini ya msuli wanakitia maji ya chumvi kidogo kidogo mpaka ngozi ivutike ndo baadaye watie implanti, titi bandia la silikoni. Wakati wa mionzi ngozi iliwiva tu na kubambuka, nkasema alhamdulillah yamepita, kumbe bado, miezi ishapita watu washanipa hongera ndo titi laanza kukaza, likapanda juu karibu na mtulinga, gumu kama nazi, kulalia ubavu ule siwezi. Dokta akanambia mwili wa kila mtu hujenga kovu kuzunguka kitu kigeni, ila ukipigwa mionzi lile kovu huzidi kunenepa na kubana.

Wa Likoni: Afadhali yako. Mie mshono ulifunguka, nna sukari, na ngozi ya mionzi damu haifiki vizuri. Usaha, homa, mwisho implanti ikatolewa. Kwenye feri navuka nimekumbatia kifua watu wasinisukume, wao wadhani naficha pesa 😂

Wa Tudor: Mie nilikataa kufanya haraka. Nikamaliza mionzi, nikakaa kama mwaka ngozi itulie, ndo wakachukua nyama ya tumbo. Laini, lafanana na langu. Lakini oparesheni ni ndefu mno, tumbo limekatwa kutoka nyonga hadi nyonga na dumu la maji siinui hadi leo. Nyama yako mwenyewe huhimili mionzi kuliko silikoni, lakini bei yake usiulize.

Wa Majengo: Mie sikuunda kitu. Fundi kanishonea mfuko ndani ya sidiria, natia pamba na mtama kidogo ndo liwe zito lisipande. Chini ya buibui nani ajua?

Aliyeanzisha: Ahsanteni, moyo wadunda lakini. Kwa hivyo kwanza nimuulize dokta mionzi ni lazima au la, ndo nichague? Na wa Tudor, mkono wa upande uliokatwa titi wainuka sawa?

Wa Tudor: Wainuka, ila mazoezi ya bega usiache hata siku moja, mie nilizembea ikawa hata kujifunga leso ni kuitana na binti yangu.