Baba ana doa jeusi unyayoni linazidi kukua, wengine wanasema ni sugu. Naombeni ushauri

BintiUkerewe:
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana usingizi sina. Baba yangu ana miaka 63, mtu wa mihogo na dagaa huku Ukerewe, maisha yake yote anatembea peku. Masika ya mwaka jana nilikuwa namkata kucha nikaona unyayo wa kushoto karibu na kisigino kuna doa jeusi dogo kama mbegu ya papai, akasema alikanyaga mwiba, nikaacha. Juzi nimerudi nyumbani nikamwosha miguu, nikashtuka. Limekuwa kama kizibo cha soda, si duara, upande mmoja limechomoza, katikati jeusi tii halafu pembeni kahawia imefifia kama wino uliomwagikia kwenye karatasi. Sehemu moja imeinuka na akitembea mbali inatoa majimaji yenye damu. Halimuumi kabisa ndio maana hajali.

Zahanati moja walimpasua kutafuta huo mwiba hawakuona kitu wakampa vidonge vya antibayotiki. Baba mdogo anasema ni sugu, akwanguliwe na wembe apakwe dawa. Mimi nilichokuwa najua kansa ya ngozi ni ya wazungu na ndugu zetu wenye ualbino, je mtu mweusi naye anapata? Nianzie wapi?

Mwana wa Igoma:
Pole sana dada. Wembe HAPANA kabisa. Mweusi anapata, Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu chini ya ukucha, 1977 akaambiwa ni kansa, 1981 akafariki ana miaka 36 tu. Na yeye watu walidhani ni jeraha la mpira. Mpeleke baba Mwanza.

Tabibu_wa_Visiwani:
Binti, siwezi kumpima mzee kwa maandishi ila hayo uliyoeleza yanatosha kumtoa nyumbani wiki hii. Sisi watu weusi kansa inayoitwa melanoma haina sana uhusiano na jua, inapenda pale ambapo ngozi haina rangi nyingi, yaani unyayo, kiganja na chini ya kucha, wakati mwingine hata mdomoni. Ndio maana inachelewa kuonekana, nani anakagua nyayo za mzee wake? Sugu ina rangi ya ngozi au manjano na inakaa pale kiatu au ardhi inapokandamiza. Damu iliyovilia chini ya ngozi inapanda na kupotea ndani ya wiki au miezi michache. Doa ambalo limekuwepo mwaka mzima, limepanuka, lina rangi zaidi ya moja, kingo hazieleweki na sasa linachuruzika, hilo ni la kukatwa kipande kidogo cha nyama (kinyama) kipelekwe maabara, hakuna njia nyingine ya kujua. Hata mimi nikiliangalia kwa macho nitakuwa nakisia tu.

Kucha pia, maana najua mtaanza kuuliza. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa kwa mtu mweusi ni kawaida. Wa kuogopa ni mstari kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, au weusi umevuka ukucha ukaingia kwenye nyama.

Usiku wa leo mshike mzee kinenani. Kama kuna mtoki, hata usiouma, mwambie daktari. Funga kidonda kwa kitambaa safi, usipake kitu.

Chipukizi77:
Kuna mzee mmoja Sengerema ana unga wa mizizi, kidonda kinakauka siku 7, nikupe namba?

Mama_Wawili:
Hapana kaka, na nasema hivi kwa uchungu. Mama yangu aliungua na maji ya moto akiwa msichana, kovu likabaki mguuni. Miaka zaidi ya 30 baadae kovu likafumuka kidonda, wakasema kidonda ndugu, tukapaka unga kama huo miezi minane. Juu kilikuwa kinakauka kweli, chini kinakula, kingo zikawa ngumu zimeinuka kama ukingo wa sahani na harufu juu. Kumbe kovu la zamani la moto au kidonda cha miaka mingi kinaweza kugeuka kansa. Walimkata mguu chini ya goti. Yupo hai, anatembea na magongo, lakini ule mguu tungeuokoa kama tungekwenda mwezi wa kwanza. Dada usipoteze hata wiki.

KofiaPana:
Mimi ni mtu mwenye ualbino na ni wa hapo hapo Ukerewe. Kwetu sisi jua ndio adui namba moja na kansa yetu nyingi ni ile ya seli za juu za ngozi, inaanza kama gamba kavu la kukwaruza kwenye sikio, mdomo wa chini, shingo au mgongo wa mkono, linabanduka linarudi, siku moja linakuwa kidonda. Magamba yangu matatu walinipulizia nitrojeni ya baridi kali, inauma kama umeungua halafu malengelenge halafu ngozi mpya. La sikioni lilikuwa limeshageuka, wakakata kipande cha sikio kwa ganzi, nikarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikiwahiwa ile inapona kabisa, ikiachwa inaingia kwenye tezi za shingo na hapo ndio unasikia habari za mionzi. Kuna nyingine ya kivimbe kinachong'aa, inakua taratibu na ni mara chache kusambaa mwilini ila inakula pua na jicho. Wazazi wenye watoto kama sisi, kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua, ile Kilisun inatengenezwa Moshi kwa ajili yetu, ulizieni kliniki za ngozi.

BintiUkerewe:
Asanteni, nimelia kusoma ya mama. Tabibu, baba anakubali kwenda ila hataki kisu, anasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa.

Tabibu_wa_Visiwani:
Mwambie shikamoo kutoka kwangu, na hofu yake naielewa, kijijini wameona watu wanapasuliwa halafu wanakufa. Lakini wengi walifika wakati imeshasambaa, kisu kikabeba lawama. Kukata kinyama hakusambazi. Anachomwa sindano ya ganzi, kinatolewa kipande kidogo, kinatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, jina lake linaandikwa. Hakikisha kimepelekwa maabara ya patholojia, ile inayochunguza vinyama, na uliza majibu lini. Nimeona kinyama kinatolewa halafu familia haifuatilii.

Msafiri_Bukoba:
Samahani kuingilia, kaka yangu ana madoa ya zambarau miguuni na moja kwenye kaakaa, hayawashi, mguu umevimba.

Tabibu_wa_Visiwani:
Msafiri hiyo inaweza kuwa kansa inayoitwa Kaposi, apime VVU haraka. Akikutwa na VVU, ARV zenyewe ni sehemu kubwa ya tiba, na wengine wanaongezewa kemo, yaani dawa za kuua kansa.

BintiUkerewe (wiki nne baadae):
Wakuu narudi. Tulienda hospitali ya Bugando Mwanza, kinyama kikakatwa, majibu siku 17. Ni melanoma. Unene milimita 1.4, daktari amesema huo unene ndio unaoamua mambo mengi. Mitoki haipo, picha ya kifua na ultrasaundi ya tumbo ni safi. Watakata na kuzunguka sentimita 2 za ngozi nzima, halafu wataziba kwa ngozi ya paja. Kemo hawajaandika, wanasema kwa aina hii haisaidii sana, upasuaji ndio wenyewe, kisha kumwangalia kila miezi mitatu. Operesheni ni Jumatano ijayo. Baba anauliza kitu kimoja tu, ataweza kusimama kwenye mtumbwi tena?

Tabibu_wa_Visiwani:
Wiki za mwanzo asikanyage kabisa, ngozi ya paja inahitaji utulivu ishike. Baadae atatembea ila hiyo ngozi ni nyembamba, peku basi tena, viatu laini na kukagua unyayo kila jioni. Mtumbwi, mwulize daktari wake baada ya miezi michache. Na wewe na ndugu zako mkaguane ngozi.

KofiaPana:
Jumanne nami nina kliniki ya ngozi Mwanza. Nitakuwa kwenye kivuko cha asubuhi kutoka Nansio, utaniona kwa kofia. Nitamwonyesha mzee sikio langu, aone kisu kilivyofanya kazi.

BintiUkerewe:
Nimemsomea. Kasema mkae naye, anabeba mihogo ya kuchemsha.