Deni la marehemu baba na daftari la duka: mahakama itasikiliza?

BintiGerezani:
Habari za humu wakubwa. Marehemu baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Kariakoo. Kuna fundi mmoja wa Kimara alikuwa anachukua mzigo kwa mkopo: saruji, nondo, mabati. Kwa kauntabuku ya baba anadaiwa 6,400,000. Tulipomfuata akatujibu, "Mzee aliyenikopesha hayupo, nitamlipa nani?"

Nilicho nacho: kauntabuku yenye mwandiko wa baba. Kijana wa dukani aliyekuwa anapakia mzigo. Voisi za WhatsApp kwenye simu ya baba, huyo fundi anaomba avumiliwe mpaka alipwe hela ya mradi. Na mama, ambaye baba alimwambia akiwa wodini kwamba fundi yule ana hela zetu. Sasa jirani anayejifanya kujua sheria ananiambia maneno ya marehemu ni tetesi, mahakama haiyataki. Ni kweli?

Kijiwe_Buguruni:
Ni kweli dada. Mahakamani unasema ulichokiona kwa macho yako. Hayo mengine peleka kwa mjumbe.

Chuma_cha_Temeke:
Acha kumtisha mwenzio. Maneno ya mwisho ya marehemu yanakubalika, watu wanafungwa kwayo kwenye kesi za mauaji. Mama yako ndiye shahidi wako mkubwa.

Wakili_Asubuhi:
Pole na msiba, mdogo wangu. Hawa kaka zangu wamekosea wote wawili, na wa pili ndiye atakayekuponza zaidi kwa sababu anakupa matumaini.

Kwanza, umeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi? Deni la baba ni sehemu ya mirathi. Kama hujateuliwa, fundi hatahitaji hata kubishana na daftari lako, kesi itaishia mlangoni.

Tuje kwenye tetesi. Shahidi anatakiwa aeleze alichokiona au kukisikia mwenyewe, kwa sababu aliyesema lile neno kama hayupo kizimbani hakuna wa kumuuliza maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa pili ya kupima ukweli wake. Lakini mahakama haikatai kila neno lililosemwa nje. Inauliza: umelileta ili kuthibitisha nini? Kuna kesi ya Subramaniam, ilitoka nchi ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) ikafika Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Uingereza kule London, mwaka 1956. Jamaa alikutwa na risasi 20, akajitetea kwamba magaidi walimtishia maisha. Jaji akamzuia asieleze walichomwambia, eti tetesi. Privy Council wakaifuta hukumu. Hakuwa anataka mahakama iamini kwamba magaidi walisema kweli, alitaka ijue kwamba walisema, na yeye akaogopa.

Kwa hiyo kijana wako akisema, "Nilimsikia fundi akimwambia mzee, pakia mifuko hamsini, andika kwa jina langu," hiyo si tetesi. Maneno hayo ndiyo mkataba wenyewe, na kijana aliyasikia kwa masikio yake.

Voisi nazo ni maneno ya fundi mwenyewe akikiri deni. Hawezi kulalamika kwamba amenyimwa nafasi ya kujidodosa. Kazi hapo ni kuonyesha kwamba sauti ni yake, namba ni yake, na hakuna aliyezichezea. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, mahakama inapokea ujumbe wa namna hiyo, ila inaangalia ulivyohifadhiwa na aliyeutuma anatambulikaje. Basi simu ya baba izime, ifungie kabatini, usimpe mdogo wako achezee gemu.

Daftari ndipo panapohitaji akili. Sheria ya Ushahidi ya 1967, kifungu cha 34, inaruhusu maelezo ambayo mtu aliyekwisha kufa aliyaandika katika shughuli zake za kawaida za biashara. Baba alikuwa anaandika kila siku, kwa kila mteja, kabla hapajawa na ugomvi wowote, hakuwa na sababu ya kumsingizia fundi. Ndiyo maana ninakuomba upeleke daftari zima. Watu wanapenda kutoa kopi ya ukurasa mmoja wa mdaiwa, halafu wanashangaa wakitiliwa shaka. Kurasa za wateja waliolipa wakakatwa jina ndizo zitakazoonyesha kwamba daftari ni la kweli. Lakini sheria hiyohiyo inasema vitabu vya hesabu peke yake havitoshi kumbebesha mtu deni. Hapo ndipo kijana na voisi wanapoingia.

Chuma, maneno ya mwisho unayoyasema ni yale ya marehemu kuhusu sababu ya kifo chake au mazingira yaliyosababisha kifo hicho, na kifo chenyewe kiwe ndicho kinachobishaniwa. Hata huko majaji wana tahadhari: mwaka 1954, kwenye kesi ya Pius Jasunga, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema ni hatari kumtia mtu hatiani kwa maneno hayo peke yake. Mzee wodini alikuwa anaeleza nani ana hela zake. Hiyo ni tetesi kamili.

Jambo la mwisho: deni la kiasi hiki ukilipeleka Mahakama ya Mwanzo, Sheria ya Ushahidi haitumiki kule. Wana kanuni zao za ushahidi, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali (GN) namba 22 la 1964 na namba 66 la 1972. Usiende na kifungu cha 34 mdomoni ukadhani hakimu atakipigia saluti. Swali la nani alisema na yuko wapi utaulizwa vilevile.

Kijiwe_Buguruni:
Kumbe. Basi mjumbe apumzike.

BintiGerezani:
Asante sana dada wakili. Usimamizi tayari, niliteuliwa mimi. Ila kijana amerudi kwao Lindi kulima ufuta. Kaka yake yupo Tandika, stori yote anaijua, aje yeye? Na mama ndiyo abaki nyumbani?

Wakili_Asubuhi:
Kaka yake hapana, yeye alisimuliwa. Omba mahakama imwite kijana kwa hati ya wito, na wewe mtumie nauli. Usijaribu kusema hapatikani. Mtu aliye shambani Lindi na simu yake inaita, anapatikana.

Mama aje. Ameishi na mwandiko wa mumewe, na sheria inamruhusu anayeujua mwandiko wa mtu kuutambua mahakamani. Aeleze daftari lilikuwa linakaa wapi dukani, nani alilichukua baada ya msiba, limetunzwa wapi mpaka leo. Akianza na "mume wangu aliniambia", upande wa pili watasimama kupinga. Asibishane nao, arudi kwenye mwandiko. Na asisahau miwani, atapewa daftari alisome palepale kizimbani.